Ukenda Avignon, lala ndani ya ukuta

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Meli kubwa ya watalii ikitia nanga, najua siku itakavyokwenda: watashushwa asubuhi mamia kwa mamia, watapitishwa mbio mbio Forodhani, Ngome Kongwe, soko la Darajani na kanisa la Mkunazini, jioni wamerudi melini, na usiku wanawaandikia jamaa zao kwamba Zanzibar wameiona. Wameona wapi? Mji wetu hufunguka wao wakishaondoka, watu wanapotoka kukaa barazani na muuza kahawa anapoanza kugonga vikombe vyake.

Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa, nayo iko hivyo hivyo. Watu wetu wanaokwenda Marseille kuwaangalia jamaa, hasa sisi wenye asili ya Ngazija, maana Wangazija Marseille ni wengi mno, huipa Avignon siku moja tu: treni ya asubuhi, picha mbele ya kasri walilokaa zamani mapapa wa Kanisa Katoliki, picha juu ya daraja, treni ya jioni. Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanautumikia: tafuta chumba ndani ya ukuta wa mji mkongwe wao, ulale angalau siku mbili. Saa nzuri za mji ule ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni, na mtu wa treni ya kurudi hazipati.

Kwanza karatasi

Viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa ikiwemo, ya muda mfupi inakuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisipungue siku 15 kabla. Mimi nasema usikaribie hizo 15 hata kidogo. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya. Bima ya matibabu ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Alama za vidole unatoa mwenyewe, hazitumwi na mtu, na ubalozi wa Ufaransa uko Dar es Salaam. Kwa hiyo weka na nauli ya boti kwenye hesabu, wala usipange boti ya asubuhi kwa miadi ya asubuhi ile ile. Bahari ya kusi haina miadi na mtu.

Kama utafikia kwa jamaa, mwenyeji wako aende ofisi ya meya ya mtaa wake, inaitwa mairie, akatoe karatasi ya kukupokea iitwayo attestation d'accueil. Yeye ndiye anayelipa stempu ya euro 30, na wewe unahitaji karatasi yenyewe, si picha ya simu, kwa hiyo mwambie mapema. Shangazi yangu aliulizwa ukubwa wa nyumba na kipato chake. Alikasirika kutwa nzima, lakini karatasi ilitoka. Zile siku za Avignon utaonyesha kwamba umeshika chumba hotelini.

Kina mama wenzangu: buibui na mtandio havina tatizo mitaani. Kufunika uso ndiko kunakokatazwa kisheria hadharani, sheria ya mwaka 2010 iliyoanza kutumika 2011, na faini inafika euro 150. Mwenye kuvaa nikabu alijue hili akiwa bado nyumbani.

Lini

Sisi wa utalii likizo yetu ni masika. Mwezi wa nne na wa tano mvua inapiga, wageni hakuna, hoteli nyengine zinafunga kabisa. Bahati nzuri, Mei ndiyo wakati mzuri wa Avignon: jua lipo, joto halijapanda, cheri zimeanza kushuka sokoni. Jihadhari tu na sikukuu zao, maana Mei inazo nyingi: tarehe 1, tarehe 8, na Alhamisi ya Kupaa ambayo tarehe yake hubadilika. Septemba nayo ni nzuri.

Julai ni habari nyengine. Kuna tamasha la michezo ya kuigiza lililoanzishwa na Jean Vilar mwaka 1947, na ua mkubwa wa kasri la mapapa hugeuzwa jukwaa, kama Ngome Kongwe inavyogeuzwa wakati wa Sauti za Busara. Pembeni yake lipo tamasha jengine, wanaliita Off, la vikundi vinavyojitegemea, na hapo mji hauna pa kupenyeza sindano. Mabango yanafungwa kwenye kila nguzo, waigizaji wanakufuata njiani wamevaa nguo za mchezo wakikubembeleza uje uwaone. Kama Kifaransa unakisikia vizuri, nenda. Kama hukisikii, utalipa chumba bei ya kukutoa machozi kwa ajili ya kelele usizozielewa.

Na upepo. Sisi tumezoea kaskazi ya joto inayoleta majahazi. Wao wana mistral, unatoka kaskazini vile vile, unateremka bonde la mto Rhône, lakini ni mkavu, baridi, na una nguvu za kumsukuma mtu pembeni; mwendo wake unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Hauji na mawingu, unayafagia, kwa hiyo ukitazama dirishani utaona anga la buluu tupu ukajidanganya kutoka na kanzu nyepesi. Hata Mei unaweza kuvuma. Chukua koti la kuzuia upepo na pini za kutosha za mtandio. Ukitembea mashamba ya jirani utaona safu za miti ya mivinje ya kwao, mirefu na myembamba, imepandwa kuukinga. Na minara mingi ya kengele ya Provence, yaani eneo lile la kusini, ina kofia ya vyuma vilivyo wazi ili upepo upite ndani.

Kufika

Kutoka Unguja, njia nyepesi ni ndege ya kuunganisha hadi Marseille, kwa mfano kupitia Istanbul. Ukipita Paris, treni ya kasi kutoka stesheni ya Gare de Lyon huchukua kama saa mbili na dakika arubaini.

Avignon ina stesheni mbili na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ile iitwayo Avignon TGV, ya treni za kasi, iko nje ya mji. Ukishuka huko unapanda kitreni cha dakika chache hadi Avignon Centre. Hiyo ya pili imeukabili ukuta wenyewe: unatoka mlangoni, unavuka barabara, umeingia mjini. Kutoka Marseille Saint-Charles mimi nachagua treni ya mkoa, wao wanaita TER, inayokushusha Centre moja kwa moja kwa muda wa saa moja na kitu. Treni ya kasi ni nusu ya muda huo, lakini ukijumlisha kubadilisha treni na bei, faida inayeyuka. Saa za tiketi zimeandikwa kwa mtindo wa 24, basi toa sita: 15h10 ni saa tisa na dakika kumi, wala si saa tatu.

Kutembea

Ukuta una urefu wa kilomita 4.3 na umeuzunguka mji mkongwe wote. Ulijengwa karne ya 14 kuwazuia askari wa kukodiwa waliokuwa wakipora nchi kila vita vilipotulia. Ndani yake kila kitu kinafikika kwa miguu, na kipo kibasi kidogo cha umeme, Baladine, kinachopita vichochoroni kwa nauli ndogo. Kinafaa ukiwa na mzee.

Usianze na kasri. Asubuhi ya kwanza, kabla duka halijafunguliwa, panda bustani ya Rocher des Doms, mwamba ulio juu ya mto kando ya kasri. Kutoka pale unaona yote: Rhône chini yako, daraja lililokatika, kisiwa cha Barthelasse katikati ya mto, ngome ya Saint-André ng'ambo, na mbali kabisa mlima Ventoux wenye urefu wa mita zaidi ya 1,900, kilele chake cheupe kwa mawe hata theluji ikiisha. Ukishaona ramani hiyo kwa macho hupotei tena. Halafu teremka kwa nyuma, utafute Rue Peyrollerie, uchochoro unaopita chini ya tegemeo kubwa la kasri, mwamba huku na ukuta huku. Mtu wa Kiponda, mtaa wa vichochoro wa Mji Mkongwe wetu, atajiona kwao.

Na ukiingia dukani, ofisini, hata kwenye basi, salimia kwanza. Bonjour, madame, bonjour, monsieur. Sisi tusioingia kwa mtu bila ya hodi hatuna haja ya kufundishwa hili, lakini ugenini watu huona haya wakaanza na swali, na hapo uso wa mwenye duka hufunga.

Sasa kasri. Wengi wakitoka ndani wananuna: “Mbona tupu?” Ni tupu kweli, kwa hiyo ingia na kisa chake. Mwaka 1305 alichaguliwa papa Mfaransa, Clement V, aliyekuwa askofu mkuu wa Bordeaux. Roma wakati ule ilikuwa fitina na mapigano ya koo kubwa, hakwenda. Mwaka 1309 akakaa Avignon, na baada yake wakafuata wengine, jumla mapapa saba, mpaka Gregory XI alipouondoa upapa na kuurudisha Roma mwaka 1377. Kasri lilianza kujengwa 1335, na kwa chini ya miaka 20 likasimama, kama mita za mraba 15,000 za mawe. Mji wenyewe Clement VI aliununua mwaka 1348 kutoka kwa malkia Joanna wa Naples kwa florini 80,000. Ukabaki mali ya mapapa hadi 1791, mapinduzi ya Ufaransa yalipouchukua. Baadaye wakalifanya kambi ya askari hadi 1906, na askari wakawa wanabandua vipande vya michoro ya ukutani kuwauzia wapenda vitu vya kale. Basi ule utupu unaouona una wenyewe.

Ukilipa tiketi unapewa kishikwambi. Ukikielekeza chumbani kinakuonyesha mapazia, meza na rangi zilivyokuwa. Mimi kwa kawaida sipendi watu watembee wakitazama kioo, hapa narudi nyuma, kinasaidia. Simama kwenye ukumbi wa karamu, Grand Tinel, wenye urefu wa mita 48. Kisha usipite haraka Chambre du Cerf, chumba cha kazi cha Clement VI. Kuta zake zimechorwa uwindaji, watu wanaochuma matunda, na bwawa la samaki na wavuvi wamelizunguka na nyavu zao. Mtu wa dini mkubwa kuliko wote wa kwao, na chumbani kwake aliweka uvuvi! Nilikaa pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama.

Ingia saa ya kufungua mlango au saa mbili za mwisho. Chukua tiketi ya pamoja ya kasri na daraja, inapunguza bei.

Daraja la Saint-Bénezet litakuchukua muda mdogo. Lilijengwa kati ya 1177 na 1185, likiwa na matao 22. Mafuriko ya Rhône yalilivunja kila baada ya muda, wakalijenga tena, mpaka karne ya 17 wakachoka wakaliacha. Yamebaki matao manne na kanisa dogo juu yake. Upo wimbo wa watoto wa Kifaransa wa kucheza juu ya daraja hili, utausikia kila duka la zawadi. Ukiwa juu yake huoni daraja, unaona mto. Uzuri wake uko ng'ambo: ipo boti ya bure inayovusha watu hadi kisiwa cha Barthelasse, dakika chache tu, ila haifanyi kazi kwa saa zile zile mwaka mzima, tazama ubao wa gatini. Nenda nayo saa moja ya jioni, ukae kwenye majani upande wa pili, uone jua linavyolipiga kasri. Mwezi wa sita jua linazama karibu na saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo Magharibi na Isha zako zitachelewa mno; panga usingizi wako kwa hilo.

Mtaa wa wapaka rangi

Wenye siku moja hawafiki Rue des Teinturiers, kwa sababu uko upande wa pili wa mji na hauna kasri. Mimi ningeukata mwengine wowote kuliko huu. Ni njia ya mawe iliyopandwa miti mikubwa ya kivuli iitwayo platane, na pembeni yake unapita mfereji wa mto Sorgue. Magurudumu machache ya mbao yamebaki majini, yameota ukoga. Zamani yaliendesha kazi za wapaka rangi vitambaa.

Vitambaa vyenyewe kisa chake kinaanzia kwetu, Bahari ya Hindi. Pamba nyepesi zilizochapwa maua zilitoka India zikiingia bandari ya Marseille, Wafaransa wakaziita indiennes, wakazipenda kupita kiasi. Wafuma hariri na sufu wakapiga kelele, na mwaka 1686 serikali ya Louis XIV ikazipiga marufuku, kuziingiza na kuzitengeneza. Marufuku ilidumu hadi 1759. Lakini Avignon haikuwa ya mfalme, ilikuwa ya Papa, basi mafundi wakaendelea na kazi humu ndani ya ukuta na vitambaa vikapenyezwa upande wa pili, mpaka mwaka 1734 Papa na mfalme walipopatana kazi ile ifungwe. Mpemba haelezwi magendo ni nini. Sisi karafuu zetu zimevuka usiku kwenda Mombasa kwa sababu hiyo hiyo ya bei na mipaka ya watu.

Rangi nyekundu ilitoka kwenye mzizi wa mmea uitwao garance. Jean Althen, mtu mwenye asili ya Armenia, ndiye anayetajwa kwa kueneza kilimo chake huku katika karne ya 18. Jeshi la Ufaransa lilipoanza kuvaa suruali nyekundu mwaka 1829, mashamba yalistawi. Mwaka 1868 wakemia wa Kijerumani wakaitengeneza rangi ile ile maabara, na mzizi ukakosa mnunuzi. Ninaye babu aliyekuwa na mikarafuu Wete, kisa hicho sikukisikiliza kwa raha.

Kula

Usile Place de l'Horloge. Uwanja ni mzuri, kaa unywe kahawa utazame watu, lakini chakula kiko pengine. Asubuhi nenda soko la ndani, Les Halles, pale Place Pie. Utalijua kwa ukuta wake ulioota majani kutoka juu hadi chini, kazi ya Patrick Blanc. Linafanya kazi asubuhi hadi mchana, Jumatatu limefungwa, Jumapili liko wazi. Nunua mkate, zeituni, jibini ya mbuzi, cheri, ukapande navyo Rocher des Doms. Chakula cha mchana hotelini ni baina ya saa sita na saa nane. Ukifika saa nane na nusu jiko limezimwa na hakuna wa kukuonea huruma.

Kwa anayetazama halali: ratatouille ni biringani, tungule, mapilipili boga na mamumunye, haina shaka. Samaki wapo. Daube, mchuzi wa nyama unaopikwa polepole kwa kitunguu kilichochomwa karafuu, unanukia kama unakuita, lakini umepikwa kwa mvinyo. Maneno ya kuyatafuta kwenye orodha ni porc, jambon, lardons na vin. Mabucha na vikahawa vya watu wa Maghreb, yaani Afrika ya Kaskazini, vipo, uliza. Maji usinunue: sema carafe d'eau, utaletewa jagi la bomba bure, ni haki yako.

Mvua ikikukuta, makumbusho ya manispaa kama Petit Palais na Calvet huingia bure. Villeneuve, ng'ambo ya mto, inastahili nusu siku, na Arles ni safari fupi ya treni. Pont du Gard, mfereji wa Kirumi wa ghorofa tatu wenye kimo cha kama mita 49, una basi kutoka Avignon, lakini mabasi ni ya kuhesabu. Jua saa ya la kurudi kabla hujapanda la kwenda.

Zawadi: utaona kila dirisha limejaa vidonge vya chokoleti vya rangi ya waridi vyenye miba miba, papalines. Vina pombe ndani, usimpelekee mama. Calissons za mji wa Aix, za lozi na tikiti lililokolezwa sukari, zinafaa, ila soma karatasi yake. Sabuni ya Marseille chukua ile iliyopigwa muhuri wa 72%, haina harufu wala rangi ya kupendezesha, na inafulia kanzu nyeupe vizuri sana. Vifuko vya lavenda vya kuweka kabatini nilileta vingi. Mama alinusa kimoja, akakiweka kando, akaendelea kufukiza udi. Mafuta ya zeituni yafungie kwenye sanduku kubwa, maana chupa yoyote iliyozidi mililita 100 kwenye mkoba wa mkononi inaweza kubaki uwanja wa ndege.